Samaki Waliolishwa Kuvu

4 Machi

Nimepata miwani mpya. Aliyenipa ni binti yangu, ambaye ndiye mwenye nyumba, mwenye mabwawa na mwenye amri, kwa hiyo humu ndani nitamwita Bosi. Aliponivalisha alisema, "Haya Baba, sasa huna kisingizio, soma hata magazeti." Magazeti yamejaa uongo wa watu wengine. Nimeona afadhali niandike wa kwangu. Shule niliiacha darasa la nne, au tuseme tuliachana kwa ridhaa ya mwalimu. Herufi zangu zinachechemea kama kuku aliyekanyagwa, lakini zinafika.

Habari ya kuanzia si njema. Asubuhi Bosi alikaa ukingoni mwa bwawa la juu, miguu majini, akaniambia bila kunitazama, "Baba, wazazi wasipotaga msimu huu, nafunga."

Nieleze vizuri, maana nikifa mtu asome aelewe. Bosi hauzi samaki wa kukaanga. Anauza vifaranga, visamaki vidogo kama kope za macho, kwa watu wenye mabwawa yao. Ili upate vifaranga lazima uwe na wazazi, na wazazi wake amewachagua mmoja mmoja kwa miaka saba, kama mama anayewatafutia wanawe wachumba: huyu mgongo mpana, huyu hashikwi na maradhi, huyu hapigani ovyo. Misimu miwili sasa majike wanataga kwa kudokoa. Mabwawa yote mawili, la juu na la chini, yamekaa kimya kama ukumbi baada ya arusi.

"Na ukifunga?"

"Nitatafuta kazi ya mshahara mjini. Wewe utakwenda kwa kaka."

Kaka yake ni mwanangu wa kwanza. Mimi humwita Mheshimiwa, ingawa hakuna aliyempigia kura. Mkewe ni mtu mwema, ila kwake viti vyote vimevikwa nailoni. Niliwahi kujamba juu ya kiti kile. Nailoni haitunzi siri.

Nimeiacha chai mpaka ikapoa. Sikujua kwamba mambo yamefika huko.

9 Machi

Mvua. Goti la kushoto lilishasema tangu jana.

11 Machi

Nimeshangaa na bado nashangaa.

Amekuja mtaalamu kutoka kituo cha utafiti wa samaki. Mwanamke mrefu, buti za mpira hadi magotini, na sanduku lenye hadubini, kile chombo cha kuchungulia vidudu. Nimeshambatiza: Mama Hadubini. Alikuwa na mfuko uliofungwa kwa lakiri kama barua ya serikali. Akaufungua. Ndani unga wa rangi ya vumbi, harufu ya kiatu kilichosahauliwa mvuani.

"Hiki nini, binti yangu?"

"Kuvu, mzee."

Marehemu mama yangu alitucharaza kwa mwiko kwa kugusa tu mkate wenye ukungu. Leo msomi mzima analeta kuvu kwenye mfuko wenye lakiri, na Bosi anaipokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Mama Hadubini akatueleza polepole. Kuvu ni ukoo mkubwa, una walevi na una mashehe. Hii ni binamu wa hamira. Imekuzwa kwenye mapipa safi, ikakaushwa, ikasagwa. Ukiitia kidogo kwenye chakula, tumbo la samaki linatulia, anachokula kinakaa mwilini badala ya kupita tu, anakua, na jike anapata nguvu ya kutengeneza mayai.

"Na madume?"

"Na madume pia."

"Basi nipimie kijiko."

"Baba," akasema Bosi.

Mama Hadubini hakucheka. "Kwa umri wako, mzee, ningeanza na nusu kijiko. Moyo."

Huyu mwanamke tutaelewana.

Ametoa sharti. Bwawa la juu watakula unga, la chini hapana, ili ajue kama ni unga unaofanya kazi au ni mvua tu. Nikamwambia hao wa chini wamefanywa watoto wa mke asiyependwa. Akasema sayansi haina huruma. Nikasema hata mimi nilioa sayansi mara moja, ikanikimbia.

12 Machi

Chakula kitachanganywa kwa Dada.

Dada ni dada yangu mkubwa, mwoka mikate, duka lake liko nyuma ya ukuta wetu. Nimemwogopa tangu niko mgongoni mwake. Ana karai la kukandia, ana mashine ya kusagia nyama inayotoa chakula cha samaki kama tambi, na ana tanuri. Tambi zile zinaanikwa kwenye sinia za mikate juu ya tanuri, zikikauka zinavunjwa punje. Msimu wa mvua hakuna mahali pakavu kama pale. Chumba cha Bosi kinavuja hadi vyura wanaomba godoro. Kwa hiyo mfuko wa lakiri umehamia kwa Dada, na kila wiki yeye atatuletea punje zilizokwisha kuchanganywa.

Mama Hadubini aliuliza kama huyo mama ni mwangalifu. Sote tulicheka, hata Bosi. Dada hupepeta unga mara mbili na kunusa maji kabla ya kuyatumia. Chachu yake, lile donge la unga uliochachuka la kuumulia mikate, aliirithi kwa mama yetu. Kila siku anamega kidogo kwa ajili ya mikate, kila siku anailisha unga mpya. Mama alikufa, chachu haikufa. Ningeulizwa nani duniani hawezi kukosea, ningesema Dada, na si kwa mapenzi, kwa uchovu wa kushindwa kumkamata.

17 Machi

Mvua. Samaki wanakula. Nami nilikula.

22 Machi

Nimeonja punje moja kwa siri. Mkate mtupu. Nimewaonea wivu samaki.

30 Machi

Wamepimwa. Mama Hadubini kavuta wavu bwawa la juu, akapima, akapima tena, akagonga mzani kwa kidole akidhani umekwama. Mimi sikuhitaji mzani. Majike wamejaa mgongoni kama wake wa wafanyabiashara. Wa chini ni walewale, wembamba, na macho ya kudai.

Bosi alimshika mmoja muda mrefu, hadi ikabidi aambiwe amrudishe majini.

6 Aprili

Leo nimeona jambo ambalo kwa miaka yote ya kukaa kando ya maji haya sikuwahi kuliona kwa wingi wake.

Samaki wa aina hii jike hutaga, kisha huyazoa mayai yake mwenyewe na kuyaweka mdomoni hadi yaanguliwe. Hali, hasemi. Nilimwambia Bosi hiyo ndiyo ndoa bora. Tulivuta wavu bwawa la juu, Bosi akamshika jike wa kwanza juu ya beseni, akamfungua mdomo kwa kidole, na yakamwagika mayai ya rangi ya machungwa kama ushanga uliokatika uzi. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Beseni likabadilika rangi. Mama Hadubini aliacha kuandika. Hata Dada, aliyekuja kufuata sinia zake, alisimama na sinia kichwani na kusema, "Basi kweli."

Mayai yako kwenye chupa za kutotolea, maji yanayacheza taratibu. Bosi ameimba akiosha vyombo. Anaimba vibaya. Sikumwambia.

10 Aprili

Vifaranga vimetoka. Vina macho tu na mkia. Viko kwenye matangi ya ndani.

14 Aprili

Mto umechukua daraja. Mama Hadubini yuko upande wa pili, na mfuko wa pili wa unga uko kwake. Kwa simu amesema ule wa kwanza ukiisha tuwape samaki pumba za kawaida tu, tusijali. Bosi akampelekea Dada ujumbe huo. Dada akajibu kwamba nyumbani kwake hakuna kitu kilichowahi kuisha.

Huyo ndiye Dada. Hata dunia ikiisha, kwake kutakuwa na akiba.

19 Aprili

Mvua.

20 Aprili

Mvua. Mheshimiwa kapiga simu kuuliza hali ya baba. Nimemwambia baba hajambo, anataga.

27 Aprili

Dada kaleta punje. Jasho linamtiririka, mikono ina unga hadi kwenye viwiko, amefurahi kama msichana. Nikamuuliza amepata mchumba? Akanipiga na kitambaa. "Subiri uone samaki wa mtoto huyu," akasema. Sikumwelewa, na sikuuliza, kwa sababu kitambaa kilikuwa na maji.

5 Mei

Bwawa la juu wameacha chakula. Punje zinaelea hadi zinavimba. Nimemwambia Bosi labda wote wamejaza mayai mdomoni. Akacheka, lakini alirudi kutazama mara nyingi.

8 Mei

Mmoja amekufa. Jike. Ni kawaida, Bosi amesema. Hakuna aliyemuuliza.

9 Mei

Tumevuta wavu. Majike waliobeba mayai ni wachache, na mayai yenyewe yamekuwa meupe, yamekufa, yana utando kama pamba. Mmoja alipofunguliwa mdomo hakuwa na kitu kabisa, ila aliendelea kuutunza ule mdomo, akiufunga kwa nguvu. Bosi akamwachia.

11 Mei

Asubuhi walikuwa wanaelea. Sitaandika idadi. Tulichota kwa ndoo, kisha kwa toroli.

13 Mei

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Mama Hadubini alivuka mto kwa kamba, buti shingoni. Alikuta watu wamejaa ukingoni, wafugaji wanaonunua vifaranga kwa Bosi, wamekuja kama watu wanavyokuja msibani, nusu kwa huzuni nusu kutazama. Hakusalimia. Alimchukua jike mmoja aliyekuwa bado anahema, akampasua kwenye ubao. Mashavu ya ndani, yale ya kupumulia, ambayo hupaswa kuwa mekundu, yalikuwa kama karatasi. Ini lilikuwa la manjano, limevimba, linameguka kama sabuni iliyolowa.

"Huyu amelishwa sumu," akasema. "Siku nyingi, kidogo kidogo."

Hapo akili iliniruka. Nilisimama, na upondo wa wavu ulikuwa mkononi mwangu.

"Sumu uliileta wewe," nikamwambia. "Kwenye mfuko wa lakiri. Ulituambia kuvu ni chakula. Kuvu ni kuvu, hata mama yangu asiyejua kusoma alijua."

"Mzee, unga ule haufanyi hivi."

"Basi ini limejipaka rangi lenyewe?"

Nilimwendea. Nataka nijisifu kwamba nilimtisha tu, lakini upondo ulimgusa begani, na sanduku la hadubini likaanguka kwenye tope. Watu walinishika. Bosi aliniita kwa jina langu, hakuniita Baba. Sikumbuki kama aliwahi. Na mimi niliendelea kupiga kelele: muuaji, msomi wa makaratasi, umemla mwanangu miaka saba. Mama Hadubini aliinama akaokota sanduku, akalifuta kwa mkono wa shati. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua inayonyesha.

"Nionyesheni chakula," akasema.

Ndipo Dada akafika.

Alikuja kwa njia ya nyuma, ile ya ukutani, akisukuma baiskeli yake, gunia limefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Hakuwa amesikia habari za asubuhi. Tangu alfajiri alikuwa kwenye tanuri, na tanuri likiwaka hakuna anayethubutu kumsumbua. Aliona watu wengi akadhani wamekuja kununua. Nilijua hivyo kwa sababu alijipangusa uso na kuweka kilemba sawa.

"Nimewaletea nyingine," akasema. "Hii imeshika kuliko ile ya mwanzo."

Bosi akauliza, "Nyingine nini, Shangazi?"

"Kuvu yenu. Ule mfuko haungefika popote. Nilibakisha kiganja kimoja, nikakilisha pumba na maji ya uvuguvugu, nikafunika kwa gunia karibu na tanuri. Kama chachu. Siku ya tatu ikaamka. Nikamega, nikailisha tena." Alikuwa anafungua kamba huku anazungumza. "Hamira huzaa hamira, hata mama alisema. Haya, weka mkono, bado ina moto. Inapumua."

Hakuna aliyeweka mkono. Alifungua mdomo wa gunia, na sisi sote tukaona. Pumba zilikuwa zimeshikana madonge, na madonge yalikuwa ya kijani, mengine meusi, yenye vumbi lililopanda hewani alipoyagusa. Harufu yake ilinifika mimi niliyekuwa nimeshikwa mikono na wanaume wawili.

Dada hakuona kijani. Naapa hakuona. Miaka mingapi amekuwa akipima unga kwa kiganja na kunusa, na kumbe macho yalishaiachia pua kazi hiyo, na pua ilimwambia kuvu, na kuvu ndiyo aliyoambiwa ni dawa.

Mama Hadubini alijifunika pua kwa shati, akafunga lile gunia taratibu, akauliza kwa sauti ya chini, kama daktari anavyomuuliza mgonjwa, "Mama, umewapa hii tangu lini?"

"Tangu daraja livunjike."

"Na ulikausha juu ya tanuri, mama?"

"Kwa moto mkali. Hakuna kidudu kinachotoka hai kwangu."

"Kuvu ilikufa, mama. Sumu iliyoitoa haikufa. Moto hauiwezi. Unga niliowapa ulikuwa umeuawa kiwandani kabla haujafika. Hauwezi kuzaa. Ile iliyoota kwenye pumba zako ni nyingine, ilitoka hewani, ikakuta chakula na joto."

Dada alimtazama, kisha akamtazama Bosi, kisha kwa mara ya kwanza akatazama nyuma ya watu, kule kwenye toroli. Alikwenda hadi pale. Akamgusa samaki wa juu kwa kidole kimoja, jinsi anavyogusa mkate kujua kama umeiva.

"Hawa wote?" akauliza.

Bosi akasema, "Shangazi, umenizikia miaka saba." Hakupandisha sauti. Kisha akaingia ndani na kufunga mlango.

Dada aliisukuma baiskeli yake kurudi alikotoka. Gunia aliliacha. Wanaume waliniachia mikono, na sikujua niipeleke wapi.

14 Mei

Gunia limechomwa mbali na maji.

15 Mei

Hakuna anayesema.

16 Mei

Mto umeshuka, nimevushwa kwa mtumbwi hadi upande wa pili kumwomba radhi Mama Hadubini. Ni kazi ngumu kuliko kung'oa jino, kwa sababu jino angalau hamtazamani nalo baadaye. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri njiani. Nilipofika yalikuwa yametoroka. Nikasema, "Nilikupiga." Akasema, "Uliniparaza tu, mzee. Mama mkwe wangu ana shabaha nzuri zaidi."

Kisha akanionyesha kwenye hadubini. Bamba la kwanza, kuvu ya unga. La pili, ya gunia. Nilivua miwani, nikavaa, nikavua tena. Sikuona tofauti ya maana. Zote vijimviringo, kama mapovu.

"Ipi ndiyo muuaji?"

"Ya pili."

"Unajuaje?"

"Kwa kutazama tu, sikuwa na uhakika. Niliikuza, nikaipima."

Nimekuwa nikimcheka mtu ambaye anajua kusema hakuwa na uhakika. Katika ukoo wetu hakuna mtu wa namna hiyo. Labda ndiyo sababu yote.

Amesema bwawa la chini ni wazima, kwani Dada hakuwapelekea kitu. Ni wazazi, lakini ni wachache na ni dhaifu. Vile vifaranga vya Aprili kwenye matangi pia ni vizima. Kama Bosi atataka kuanza, vitamchukua misimu miwili kuwa wazazi. Kama atataka.

18 Mei

Nimetoka mapema kununua mkate, nikakuta mlango wa duka la Dada umefungwa. Tanuri ni la baridi. Tangu nizaliwe sijapata kuligusa tanuri lile likiwa baridi. Nilidhani ni ukuta mwingine.

Nilimkuta uani. Chungu cha chachu kilikuwa kimepinduliwa juu ya jivu. Ile chachu. Ya mama. Ilikuwa imeshakauka kingo na sisimizi walikuwa wameipata.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimeiua kabla haijaua mtu."

"Chachu haikumuua mtu. Ilitulea."

"Na mimi nimemlea yule mtoto mama yake alipofariki. Ona." Akafunua viganja, kana kwamba vilikuwa na kitu ndani. "Nilidhani najua. Kuna maneno mabaya kuliko hayo?"

Nilitaka kufanya mzaha. Nina mzaha wa kila msiba. Kwenye maziko ya mke wangu mwenyewe niliwachekesha wachimba kaburi. Nilitafuta, nikakosa. Tulikaa tukawatazama sisimizi wakimbeba mama yetu punje kwa punje.

Maisha yangu yote nimemwogopa kama hakimu. Leo nimeona ni bibi kizee mwenye mikono mikavu, mrefu kunipita kwa kilemba tu. Sikufurahi, ingawa nimelisubiri jambo hilo miaka mingi sana.

23 Mei

Nimemwambia Bosi habari ya chachu. Alikuwa anakata kitunguu. Hakuacha kukata.

28 Mei

Mvua inapungua. Mheshimiwa kapiga simu. Bosi aliongea naye muda mrefu mlangoni, mgongo kwangu. Alipomaliza akasema, "Anakuja Jumapili na gari, Baba. Anza kutenga nguo zako."

Nikauliza, "Umeshaamua?"

"Nimechoka."

Hilo si jibu, lakini sikuwa na haki ya kudai lingine.

30 Mei

Nguo zangu zote zimeingia kwenye sanduku moja na bado kuna nafasi. Nimeshtuka jinsi mtu anavyokuwa mdogo akikunjwa.

1 Juni

Mheshimiwa alifika saa nne, yeye na mkewe. Mkewe alinitandikia taulo kwenye kiti cha gari kabla sijakikaribia. Sanduku likaingia nyuma. Bosi hakuwapo. Kaka yake akasema, "Hawezi kuaga, mwache." Nikasema nitasubiri. Akasema joto litatukuta njiani. Nikasema goti limekataa kukunjika, na hilo lilikuwa kweli kwa kiasi changu.

Tukawaona wakitoka kwa njia ya nyuma.

Bosi alitangulia na mfuko wa lakiri, ule wa pili, bado haujafunguliwa. Dada alifuata, karai la kukandia kichwani. Hawakuwa wanaongea. Walionekana kama watu waliogombana vizuri hadi mwisho. Macho ya wote wawili yalikuwa yamevimba. Nyuma yao Mama Hadubini, amebeba mzani mdogo na mashine ya kusagia nyama, anahema.

"Kaka, shusha sanduku la Baba," akasema Bosi.

"Si uliniambia unafunga?"

"Nilikwambia nimechoka."

Mheshimiwa akamtazama Dada, halafu akamvuta dada yake pembeni, lakini hajui kunong'ona, hajawahi. "Huyu ndiye aliyekuua, halafu unamrudishia karai?"

"Nani mwingine anichanganyie? Wewe?" Bosi alikuwa anafungua mfuko kwa meno. "Kila mtu mwingine bado anadhani anajua."

Nimemzaa mimi, nimemwita Bosi kwa utani miezi yote hii, na sikujua ninaita kitu cha kweli.

Walichanganya palepale kwenye meza ya nje. Dada alipima kwa mzani. Alipima, akamwomba Mama Hadubini asome namba kwa sauti, akamwaga, akapima upya. Mikono iliyokanda mikate ya mtaa mzima ilikuwa inaongeza na kupunguza chembe kwenye kijiko cha unga. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemharakisha. Mke wa Mheshimiwa alileta sinia bila kuombwa, tukaanika juani, kwa sababu jua lilikuwapo. Mheshimiwa alizunguka gari lake mara kadhaa, kisha akashusha sanduku.

Alasiri punje zilikauka. Bosi alijaza bakuli, akalipeleka bwawa la chini, kwa wale wembamba wenye macho ya kudai. Alipoinua mkono atupe, Dada akamshika kifundo.

Akachukua punje moja, akaitia mdomoni. Akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu, amefumba macho, na sisi tukasimama kama watu wanaosubiri hukumu. Kisha akameza.

"Kuanzia leo," akasema, "mimi kwanza."

Mama Hadubini alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kwamba sumu ile haina ladha na kwamba punje moja haithibitishi kitu. Akaufunga.

Bosi akachukua moja akala. Mheshimiwa alitazama pembeni, lakini mkewe akanyoosha mkono, mtu wa viti vya nailoni, akachukua na kutafuna bila hata kuifuta. Nami nikachukua. Samaki walikuwa wamejikusanya chini ya vivuli vyetu, wamefungua midomo.

Ilikosa chumvi. Sikusema.